Mtambo wa Bwawa Unapodai Chumvi Isiyopungua

Taa ya onyo ikiwaka kwenye mtambo wa bwawa la kuogelea la nyumbani kuashiria chumvi imepungua, wengi hukimbilia dukani kununua mifuko. Wasubiri kidogo. Kabla ya kumwaga hata kilo moja, maji yapimwe.

Chumvi yenyewe haiui vijidudu. Kazi hiyo ni ya klorini, ambayo mtambo huitengeneza papo hapo: maji hupita kati ya mabamba ya titani yenye umeme, na klorini hutolewa kutoka kwenye chumvi. Gramu 3 hivi kwa lita zinatosha. Bahari ina takriban 35. Bwawa la lita 50,000 lililojazwa maji yasiyo na chumvi huhitaji kilo 150. Lakini Nyali au Diani, pwani ya Kenya, kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe huenda kikatoa maji yenye chumvi tangu mwanzo. Ikishazidi, chumvi haikauki na jua. Dawa yake ni kumwaga sehemu ya maji na kujaza mengine.

Mitambo mingi hukadiria chumvi kwa kuangalia umeme unaopita kati ya mabamba, na hapo ndipo inapokosea. Maji ya matumbawe yana chokaa nyingi, nayo hugandamana kwenye mabamba kama ukoko mweupe wa ndani ya birika. Umeme ukizuiwa, mtambo husoma chumvi kidogo hata kama imejaa tele.

Fundi huzima umeme, hufungua seli yenye mabamba na kuiloweka kwa dakika chache katika tindikali ya haidrokloriki iliyozimuliwa, sehemu 1 kwa 4 za maji. Tindikali humiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye tindikali, huku amevaa glavu na miwani. Isikutane na jiki wala dawa yoyote ya klorini, kwani hutoka gesi inayounguza mapafu. Kukwangua kwa chuma huharibu mabamba.

Ukoko ukirudi haraka, pH iangaliwe. Mtambo huu huipandisha kila siku, na ikivuka 7.8 klorini hupoteza makali ingawa kipimo chake kinaonekana kizuri. Jua nalo huila klorini ndani ya saa chache pasipo asidi ya sainuriki ya kuilinda.

Ile harufu kali inayochoma macho, ambayo wengi hudhani ni klorini kupita kiasi, mara nyingi ni klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo. Huko ni kuchoka kwa maji. Hata maji mazuri yana mipaka: kimelea cha Cryptosporidium, kinacholeta kuhara, huishi zaidi ya siku 7 kwenye klorini ya kawaida, kwa hiyo mtoto anayeharisha asiingie kabisa.

Mabamba yakiwa safi, chumvi ikiwa sawa, na bado klorini haitoki, huenda utando wa mabamba umekwisha na seli inadai kubadilishwa. Wakati mpya ikisubiriwa, klorini itiwe kwa mkono, na watoto wakae nje mpaka kipimo kifike angalau miligramu 1 kwa lita, au 2 penye asidi ya sainuriki.