Washington: Kodi Hailipwi Nusu, Sahani Ndiyo Hupunguzwa

Ukiwa na jamaa Alexandria au Silver Spring, pembezoni mwa Washington, usidhani kila siku ni biriani. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025 shughuli za serikali kuu ya Marekani zilisimama siku 43, na watumishi wengi wakakosa mishahara. Novemba ilipoingia, hata SNAP, msaada wa chakula unaotegemewa na watu kama milioni 42, ukakwama. Watu wa ofisini, wenye suti zao, wakapanga foleni ya chakula cha Capital Area Food Bank.

Mwenye nyumba hapokei nusu kodi, basi hupunguzwa sahani. Samaki na matunda huachwa. Mtu hushiba mkate mweupe, tambi na soda. Mwenye sukari au presha ndiye huumia kwanza. Wapo hata wanaopunguza dozi ya insulini ili ifike mwisho wa mwezi! Hiyo, jamani, si kubana matumizi, ni hatari.

Afadhali adesi, kunde, mayai, samaki wa kopo na mboga zilizogandishwa. Maharage ya kopo yaoshwe, chumvi itoke. Kwenye masoko ya wakulima ya FRESHFARM, kama la Dupont Circle Jumapili, anayelipa kwa SNAP huongezewa pesa za kununulia mboga. Mjamzito, au mwenye mtoto chini ya miaka mitano, aulizie WIC.

Nanyi mlioko Muscat na Dubai, kabla hamjamwambia kijana atume dola mia za harusi, muulizeni leo kala nini. Sisi watu wa pwani tunaona haya kusema tuna njaa.