Nani Apime Ulevi wa Ngara na Biharamulo?

Kwa miaka mingi ya utawala wa Mwingereza, sheria ya vileo katika Tanganyika ilitazama kwanza rangi ya mnywaji. Mzungu alikunywa wiski klabuni bila kuulizwa. Mwafrika aliyekutwa nayo aliweza kushtakiwa. Mzizi wake ni Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919, ambamo madola yaliyoshinda vita yalipatana kuzuia pombe kali za biashara zisiwafikie Waafrika. Kujilinda wenyewe hawakuona haja. Wala Mwafrika hakuitwa atoe rai yake.

Sheria hizo zimekwisha kufutwa, lakini desturi ya kumchunguza mtu bila kumshirikisha ni ngumu kufa. Maswali ya Shirika la Afya Duniani ya kupimia ulevi, yaliyotolewa mwaka 1989, yalitokana na utafiti wa nchi sita: Australia, Bulgaria, Kenya, Marekani, Meksiko na Norwe. Bara zima la Afrika liliwakilishwa na Kenya peke yake. Mnywaji huulizwa anakunywa vinywaji vingapi kwa siku.

Mpelekee swali hilo mzee wa Ngara. Rubisi yake hutokana na ndizi zilizoivishwa, zikakamuliwa, maji yake yakachanganywa na mtama uliokaangwa na kuachwa yachachuke. Kibuyu hupita mkono kwa mkono, au wazee huinamia chungu kimoja kwa mirija. Atahesabu glasi ipi? Na mama wa Biharamulo anayeipika ili apate ada ya shule ya wanawe, ataandikwa katika safu gani ya karatasi ile?

Ndugu zetu wa visiwani, ambao heroini imewaumiza tangu miaka ya 1980, wanaelewa tunachosema. Tiba ya methadoni ilipoanza Muhimbili mwezi Februari 2011, Dk. Jessie Mbwambo na Watanzania wenzake walikuwa mstari wa mbele, wakishirikiana na wataalamu wa kigeni. Kijana wa kijiweni alihojiwa kwa lugha yake.

Basi wakuu wa Wizara ya Afya na halmashauri za wilaya hizi mbili wasitie saini kibali cha utafiti wa vileo kabla ya kuuliza ni vijana wangapi wasemao Kihangaza, Kishubi au Kisukuma watakaofundishwa kazi hiyo, si kubeba mikoba na kutafsiri tu, bali kutunga maswali na kuandika majina yao juu ya ripoti.