Mlinzi Akikukamata Dukani

Wakenya wengi huamini kwamba sare ya mlinzi wa kampuni inambebesha nusu ya mamlaka ya polisi. Si kweli. Akikukamata mlangoni mwa duka, nguvu anayotumia ni ileile aliyo nayo mwananchi yeyote chini ya kifungu cha 34 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai: kumkamata anayemwona kwa macho yake akitenda kosa ambalo hata polisi angemkamata bila hati, au anayemshuku kwa sababu za msingi kuwa ametenda kosa kubwa. Mwenye mali inayoharibiwa, pamoja na wafanyakazi wake, wana ruhusa kama hiyo.

Kifungu cha 35 kinaweka mpaka: mshukiwa akabidhiwe polisi bila kucheleweshwa, au afikishwe kituo cha karibu.

Maovu mengi hutokea kabla ya hapo. Mtu huingizwa stoo, huzabwa makofi, hupigwa picha akiwa ameshika pakiti ya maziwa, hulazimishwa kuandika kwamba ameiba, kisha hutozwa mara kadhaa ya bei. Hakuna sheria inayoruhusu hayo. Aliyekamatwa hapaswi kubanwa kupita kiasi kinachotosha kumzuia asitoroke. Na ile karatasi ya kukiri haifai kitu: Sheria ya Ushahidi hupokea ungamo lililotolewa mahakamani mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi wa cheo kinachotajwa, asiye mpelelezi wa kesi hiyo, pamoja na mtu aliyechaguliwa na mshukiwa. Anayeweza kuishia kizimbani ni mlinzi mwenyewe, kwa kupiga na kumfungia mtu isivyo halali.

Ni kweli, Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi Binafsi ya 2016 iliongeza kitu: kupekua watu wanapoingia na kutoka, kuandika majina yao na kushikilia kitambulisho kwa muda. Lakini kitambulisho kihifadhiwe salama na kirudishwe mgeni anapoondoka. Mwanamke naye apekuliwe na mwanamke, kwa staha.

Lawama kubwa naielekeza kwa waajiri. Mlinzi anayekatwa mshahara kila bidhaa inapopotea atashawishika kumaliza mambo stoo. Wamfundishe mipaka hii kabla ya kumvisha sare. Nawe ukikamatwa, usipigane wala usitie sahihi chochote. Dai upelekwe kituoni mara moja, na ukifika, hakikisha maelezo yako yameingizwa katika kitabu cha matukio.