Mazungumzo ya Kitaifa: Nani Anaitwa, Nani Anasikika?

(Muziki unashuka.)

Wamama, wababa na vijana wenzangu mlioko Imvepi, Rhino Camp, Lobule na kote mnakotusikia, leo tunaeleza neno linalorudi sana kwenye habari: mazungumzo ya kitaifa.

Usiyachanganye na mkataba wa amani. Mkataba hufanywa na wenye bunduki. Wenyeji wetu wanaujua: Desemba 2002, mjini Yumbe, serikali ya Uganda na waasi wa UNRF II walitia saini. Mazungumzo ya kitaifa ni mapana zaidi. Wanaitwa wakulima, wafugaji, wanawake, machifu na watu wa dini, waseme kilichowagombanisha na namna watakavyoishi tena pamoja. Maana wakubwa wakishatia saini Addis Ababa, wewe bado una jirani aliyechukua ng'ombe wako, au mtu anayelala ndani ya nyumba yako kule Yei.

Sudan Kusini ilijaribu. Rais Salva Kiir aliyatangaza Desemba 2016, yakazinduliwa Juba Mei 2017. Zitazameni tarehe hizo. Imvepi ilifunguliwa Februari 2017. Watu walikuwa bado wanavuka mpaka na magodoro kichwani. Mwanzoni Kiir alijiweka mwenyewe kuwa mlezi wa mazungumzo. Watu wakauliza, aliye ndani ya ugomvi atakuwaje msuluhishi? Akajitoa, wakaongoza wazee wawili, Abel Alier na Angelo Beda. Lakini upande wa Riek Machar ulikataa kuingia. (Ndugu zetu Wakongo wa Lobule wana yao ya Sun City, 2002. Kule hata waasi waliketi mezani, na mashariki bado panaungua.)

Hata hivyo, msidharau yote. Wajumbe walizunguka hadi vijijini, na wananchi hawakumung'unya maneno. Mkutano wa mwisho, Novemba 2020, ulitaka serikali ya shirikisho na ukomo wa mihula ya rais. Mimi naona kidonda kiko hapo: watu walisema vizuri, maneno yao yakabaki kwenye karatasi.

Sasa kuna mlango mwingine. Novemba 2024 Kiir alitia saini sheria mbili: moja ya Tume ya Ukweli, Maridhiano na Uponyaji, nyingine ya fidia. Siku wageni wa namna hiyo wakifika kwenye bloku yako, wewe uliza kwanza. Jina langu litaandikwa wapi, na nani atalisoma? Wanaotusemea walichaguliwa na nani, mwenyekiti peke yake au na wamama wa kwenye bomba pia? Mtarudi lini kutuambia mlichofanya? Na una haki ya kunyamaza. Mama aliyezika watoto njiani halazimishwi kusamehe mbele ya maikrofoni.

Vikundi vya wasikilizaji, wiki hii jadilini: kama bloku yenu ingeruhusiwa kutuma watu wawili tu Juba, mngemtuma nani, na aseme nini kuhusu mashamba tuliyoyaacha? Majibu mpeni kiongozi wa kikundi, tutayasoma hewani.

(Muziki.)