Kutoka Kongwa hadi Msumbiji, kwa Pua ya Panya

Wajukuu zangu, Kongwa mnaijua, mashariki ya jiji la Dodoma. Mwaka 1964 nchi yetu iliwapa hapo kambi wapiganaji wa FRELIMO, waliotaka kuikomboa Msumbiji kutoka kwa Wareno. Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wao, alifundisha vijana papo hapo Kongwa. Uhuru ukapatikana 1975.

Kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe, hadi 1992. Wareno walikuwa wametega mabomu ardhini, na waliofuata wakaongeza. Askari wakarudi makwao, mabomu yakabaki yakimngoja yeyote: mama anayekwenda kuchota maji, mtoto anayefuata mbuzi.

Msaada mmoja ulitoka hapa jirani. Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa baruti. Masomo huchukua miezi tisa hivi. Panya akipatia, husikia mlio mdogo, tik, kisha hupewa ndizi. Ana kilo moja na ushei tu, kwa hiyo akipita juu ya bomu halilipuki. Kifaa cha kutafuta chuma hulia kwa kila msumari na kizibo cha soda. Panya yeye hajali vyuma, anatafuta harufu ya baruti. Akiinusa anakwaruza udongo, na mtaalamu anakuja kumaliza kazi. Panya mmoja aitwaye Magawa, mzaliwa wa Morogoro, alinusa mabomu ya ardhini 71 huko Kambodia, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu kutoka Uingereza.

Lakini panya hajui aanzie wapi, na nchi ni kubwa. Wanaojua ni wanakijiji: mzee anayekumbuka askari walipopiga kambi, mchungaji aliyepoteza ng'ombe bondeni, mama aliyeacha kulima shamba lake kwa hofu. Kwa hiyo wasafishaji huanza kwa kuketi nao na kuuliza. Septemba 2015 Msumbiji ikatangazwa kuwa imeondoa mabomu yote ya ardhini yaliyojulikana.

Nasi hapa kwetu hatari ya silaha imetufika. Maghala ya silaha yalilipuka Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011, makombora yakaangukia makazi ya watu. Basi mkiona chuma msichokijua porini, msikiguse wala kukirushia jiwe. Rudini kwa njia ileile mliyojia, mkamwambie mtu mzima, mwenyekiti wa kijiji au polisi, na mwonyesheni kwa mbali ni wapi.