Mtandao ukikatika, fedha zako ziko wapi?

Mkazi wa Kibimba, mkoani Kagera, anapopiga *150*00# ili kutuma fedha kwa M-Pesa, huduma iliyoanza nchini mwaka 2008, simu yake hupokea menyu isiyozidi herufi 182 kwa mara moja, na muda wa kujibu ni mfupi. Kazi yote hufanywa na kompyuta za kampuni. Programu za namna hii hutakiwa kuhesabu kumtoa mtumaji fedha na kumwongezea mpokeaji kuwa tendo moja: sehemu moja ikishindikana, yote hufutwa. Hivyo, mtandao ukikatika baada ya kuingiza namba ya siri, angalia salio kwanza. Huenda muamala umekwishakamilika, na kurudia ni kutuma mara mbili.