Mitambo Ikiongezwa Usiku, Pesa Yako Iko Wapi?

Bila shaka umewahi kupata ujumbe unaosema huduma haitapatikana usiku kwa saa chache kwa sababu mitambo inaboreshwa. Wengi huuliza: sasa pesa yangu itakuwa wapi usiku huo? Kule Kericho na Bomet swali hili huja sana msimu wa bonasi ya majani chai, wakati pesa zinatoka benki na SACCO kuingia kwenye simu, na kila mtu ana deni la kulipa au mtoto wa kutumia kitu. Hebu tueleze kinachofanyika.

Kwa nini mashine zinaongezwa

Ukituma pesa, simu yako inawasiliana na kompyuta kubwa inayoitwa seva. Siku ya bonasi, watu wa Litein, Kapkatet, Mogogosiek na Tirgaga wanatuma saa ile ile. Seva zikiwa chache, foleni inakuwa ndefu, kama kituo cha majani chai siku lori limechelewa. Dawa ni kuongeza seva mapema.

Lakini seva mpya huja ikiwa tupu. Inahitaji mfumo endeshi, yaani programu ya msingi inayoiamsha mashine na kuifanya ifanye kazi, pamoja na kinga na mipangilio mingine. Ukiandaa mashine ishirini moja moja kwa mkono, lazima kutakuwa na moja iliyosahaulika kitu. Kwa hivyo mafundi huandaa seva moja tu, wanaijaribu mpaka waridhike, kisha wananakili diski yake yote kwenye zile mpya. Hata mwenye cyber mtaani anaweza kufanya hivyo kwa programu ya bure kama Clonezilla.

Mkulima wa chai anaijua hii kazi

Ukitaka chai aina ya 6/8, iliyotoka kwa watafiti wa Kericho, hupandi mbegu. Unakata vipandikizi kwenye mti mama, unavilea kitaluni, na kila mche unafanana na mama yake. Seva nazo ni vivyo hivyo, na masharti yake ni mawili.

Kwanza, mama awe safi. Seva mama ikiwa na kasoro au mlango uliosahaulika wazi, nakala zote ishirini zitakuwa nao. Ndiyo maana kuijaribu seva mama huchukua muda kuliko kunakili kwenyewe.

Pili, kila mche uwe na mizizi yake. Nakala ikitoka, inabeba jina, anwani na funguo za siri za mama. Mashine mbili zikiwa na anwani moja kwenye mtandao, majibu yanapotea njiani. Zikiwa na funguo za aina moja, mwizi akipata moja amezipata zote. Kwa hivyo kila seva hupewa jina lake, anwani yake na funguo zake mpya kabla ya kuanza kazi.

Salio halinakiliwi

Hapa ndipo penye jibu la swali lako. Kinachonakiliwa ni mfumo endeshi na programu. Salio lako liko mahali pengine, kwenye daftari kuu la miamala, lenye ulinzi wake na akiba yake. Kupanda miche mipya hakubadilishi kilo ulizopima mwezi uliopita. Hizo ziko kwenye rekodi. Vivyo hivyo seva mpya haiongezi wala haipunguzi pesa yako.

Hata kazi kubwa kuliko hii imewahi kufanyika. M-Pesa ilianza Machi 2007, na kwa miaka mingi seva zake zilikuwa Ujerumani. Aprili 2015 zikahamishiwa Kenya, kwenye mfumo mpya. Wateja waliendelea na laini zao na salio lao.

Wewe ufanye nini?

• Ukipata ilani ya matengenezo, tuma pesa za lazima mapema. Kama unasafiri alfajiri, weka nauli kidogo mfukoni.

• Ukituma na ujumbe wa kuthibitisha usije, usirudie haraka. Angalia salio na taarifa ya miamala kwanza. Kila muamala una nambari yake, kwa hivyo ukituma mara ya pili huo ni muamala mwingine kabisa, na pesa inaweza kwenda mara mbili.

• Kama salio limepungua na aliyetumiwa hajapata, hifadhi nambari ya muamala na upige simu kwa huduma kwa wateja.

• Mtu akikupigia ati "tunahamisha akaunti yako kwenye mitambo mpya, tupe PIN," kata simu. Kazi hii yote hufanywa kwenye seva, na hakuna hatua hata moja inayohitaji PIN yako, nambari ya kitambulisho, au wewe kubonyeza chochote kwenye simu. Matapeli hupenda sana usiku wa matengenezo na wiki ya bonasi, kwa sababu wanajua una wasiwasi na una pesa.

Mwambie pia mzee na mama nyumbani, hasa kama simu yao hushikwa na watu wengi. Mashine ni kazi ya mafundi. PIN ni yako peke yako.